Kidonge Kabla ya Uji

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la mbao. Alikuwa Mafinga, amekaa juu ya gogo na madereva wenzake wakisubiri zamu ya kupakia, na wao ndio walionisimulia baadaye kwamba aliomba maji, na maji yalipoletwa hakunyoosha mkono kuyapokea.

Asubuhi ya siku hiyo alinipigia simu, mimi nikiwa nyumbani kwetu Mbeya. Akiwa safarini alinipigia kila siku kabla jua halijatoka, na hakuwa na tabia ya kuanza kwa salamu.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Na chai?"

"Bado, nasubiri muda upite."

"Haya. Huku Mafinga kuna baridi, mke wangu, hata mbao zinatetemeka."

Nikacheka. Sikuwa nimemeza. Nilikuwa bado ndani ya blanketi, na kopo la dawa lilikuwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Nilijiambia nitaamka sasa hivi. Nikapitiwa na usingizi, nikaamka nimechelewa, nikanywa chai haraka, na kidonge nikakiacha. Kwa hiyo neno la mwisho nililomwambia la maana lilikuwa la uongo, na nimelitaja mwanzoni kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Nieleze kwanza kuhusu kidonge. Nilipokuwa msichana niliota rovu shingoni. Lilikua mpaka likanizuia kumeza, nikafanyiwa upasuaji Mbeya, wakalitoa pamoja na tezi yenyewe. Daktari aliniambia kazi ya ile tezi sasa itafanywa na kidonge, kimoja kila siku, maisha yangu yote. Kimezwe asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, halafu nisubiri kama saa moja ndipo ninywe chai. Nilibaki na kovu la kuzunguka koo, na tangu hapo sitoki bila kitambaa shingoni.

Mume wangu alinikuta nikiwa hivyo. Kidonge alikifanya kuwa kazi yake. Akiwepo nyumbani aliamka kabla yangu, akakiweka ndani ya kifuniko cha chupa ya chai, akaweka na kikombe cha maji karibu na kichwa changu, ndipo akatoka kwenda kuangalia oili ya lori. Akirudi alikuta kifuniko kitupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo tu. Sikuwahi kujifunza kukimeza mwenyewe kama mtu mzima.

Mara moja tu dawa ilikosekana madukani kwa muda mrefu. Sauti yangu ikawa nzito na ya kukwaruza kama ya mwanaume mwenye mafua, uso ukavimba, nikawa nasikia baridi mchana wa jua. Mwanzoni alinitania, akaniita "shemeji". Siku aliponikuta nimelala na ugali ukiungua jikoni, aliacha kutania, akaenda kutafuta dawa mpaka akaipata. Kwa hiyo sauti ile niliijua. Siwezi kusema kwamba sikuijua.

Kwao ni Ilula, na huko ndiko alikopelekwa kuzikwa. Nilifungasha begi mwenyewe, na kopo la dawa nililiweka mwenyewe, katikati ya kitenge na kitenge. Basi lilipopita Nyololo nilijua tunakaribia Mafinga. Tulipofika kwenye marundo ya mbao za misonobari kando ya barabara, niligeuza uso upande mwingine.

Mama mkwe wangu hakuwa amenipenda. Hakunitukana hata siku moja, ila hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita "wewe wa Mbeya". "Wewe wa Mbeya, leta sufuria." "Wewe wa Mbeya, mwenzio amekula?" Wifi yangu aliwahi kuniambia mama anasema ninajifunga shingo kama mtu anayeficha kitu. Na kweli nilificha. Zamani, kabla hatujaoana, mama alikuwa amemwambia mwanawe aoe popote anapotaka, ila asije na mwenye rovu, kwa maana litarudi kwa watoto. Mume wangu akaona heri asimwambie. "Mama atajua siku yake ikifika," alisema. Siku yake haikufika yeye akiwa hai.

Msibani nilikalishwa kwenye mkeka chumbani, wanawake wakanizunguka. Asubuhi ya kwanza, nje bado giza, wifi aliniletea uji wa ulezi.

"Kunywa, wifi, upate nguvu. Leo ni siku ndefu."

Begi langu lilikuwa kwenye stoo, nyuma ya pazia, juu ya matenga ya nyanya. Nilifikiria itakavyokuwa nikisema uji usubiri kwanza, naomba begi langu, kuna dawa yangu. Nilisikia kabisa kichwani mwangu watakavyosemezana: mume hajazikwa, yeye anatafuta dawa yake. Nikanywa uji. Nikasema kesho. Kesho yake tulizika.

Baada ya maziko watu walipungua, na mimi nikabaki, kwa kuwa ilikubaliwa nikae hapo kwa mama mpaka arobaini. Sasa hakukuwa na umati wa kuuogopa. Stoo ilikuwa hatua chache kutoka mkekani, na nilipita mbele ya lile pazia kila nilipokwenda chooni. Nililitazama begi. Sikulifungua. Kwa siku zile za mwanzo ninayo sababu, ingawa haitoshi: kumeza kwa mkono wangu mwenyewe kungekuwa jambo la kwanza ambalo nafanya bila yeye. Nilikuwa sitaki kulianza.

Kwa siku zilizofuata sababu ilikuwa nyingine, na hiyo ndiyo ninayoionea aibu.

Sauti ilianza kushuka taratibu. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa nzito. Uso ukajaa, macho yakawa madogo. Mwezi wa nane wa Ilula una baridi kwa kila mtu, lakini mimi niliitetemekea hata nikiwa juani. Nilikuwa nikiulizwa jambo, najibu baada ya muda, kama mtu anayevuta maji kisimani. Na mama mkwe aliyaona hayo yote.

Siku moja wageni walikuja kutoa pole. Walisalimia, "Kamwene," na mimi nikaitikia. Waliposikia ile sauti wakatazamana. Mama mkwe akawaambia, mkono wake ukiwa begani kwangu:

"Mnasikia? Amelia mpaka sauti imekatika. Mwone alivyovimba. Mimi nilidhani mwanangu alioa mtu wa kumpikia tu. Kumbe alipendwa."

Kisha akanigeukia. "Lala, mwanangu. Usijilazimishe kuongea."

Mwanangu. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi na sikuwahi kulisikia.

Kuanzia siku hiyo alinihamishia blanketi lake, lile zito. Jioni alinipaka mafuta miguuni kwa sababu ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, akiamini ni kukaa chini kwa huzuni. Akawa ananisimulia habari za mwanawe akiwa mdogo: alivyokuwa akila nyanya mbichi za kijani kwa chumvi, alivyojificha ndani ya tenga dada yake asimwone, akafungiwa humo na kubebwa mpaka barabarani. Alicheka akilia. Nilikuwa nimeishi na mtu yule na sikuwahi kuambiwa habari ya tenga. Nilikuwa nampata upya, kidogo kidogo kila jioni, na aliyekuwa ananipa ni mama yake, na alikuwa ananipa kwa ajili ya sauti.

Niliijua sauti ile. Nilijua imetoka wapi. Na nikanyamaza, nikanyoosha miguu ipakwe mafuta.

Siku ya arobaini wakaja watani. Kwa wageni wa desturi hii niseme tu kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kuigiza lolote, hata kumcheka marehemu, na hakuna wa kukasirika. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyevaa koti la marehemu nje ndani na kuomba alipwe ndipo avue. Alimwigiza mume wangu akiendesha lori huku akisinzia. Watu walicheka, hata mimi nilitabasamu. Kisha akaja mkekani, akanisukuma kidogo kwa nyonga, akakaa mahali pangu. Akajaza hewa mashavuni. Akafumba macho nusu. Akavuta blanketi la mama mkwe mpaka kidevuni.

"Wifi, unataka uji?" alijiuliza kwa sauti nyembamba.

Akakaa kimya muda mrefu. Watu wakaanza kucheka kabla hajajibu.

"Uuuji?" alijibu kwa sauti nzito ya kiume. "Upi tena? Subiri nimalize kulala ndipo nilie."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Jamani, huyu mjane halii!" alipiga kelele akiwa bado ndani ya blanketi. "Huyu amelala! Nyie mnampa pole, yeye yuko kwenye usingizi wa pono! Mama mkwe, umeibiwa blanketi!"

"Toka hapo," mama mkwe alisema. Watani hawafukuzwi hivyo, lakini yeye alimfukuza. "Nimesema toka. Mwache mwanangu."

"Ooh, amekuwa mwanao leo? Si alikuwa wa Mbeya?"

"Toka!"

Yule mama aliondoka akicheka, na hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anafanya kazi yake. Mimi nilibaki nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani nimeumizwa na mzaha. Nilikuwa nimeogopa. Mama mkwe alikuwa amegombana na mtani mbele ya watu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kama alivyofikiri.

Kesho yake asubuhi, wote walipokuwa wakifagia uwanja, niliingia stoo, nikafungua begi, nikatoa kopo. Nilitaka sauti yangu irudi upesi, uso ushuke, mambo yaishe kabla mtu mwingine hajaona alichokiona yule mtani. Niliamini kwamba siku zote nilizoziruka zilikuwa zinasubiri vidonge vyake. Nikamimina kiganjani. Sikuhesabu. Nikavimeza pamoja, nikiwa nimesimama katikati ya matenga, na maji ya kwenye ndoo ya kuoshea nyanya.

Siku ile haikutokea kitu. Usiku na asubuhi iliyofuata moyo ulianza kwenda mbio kama mtu aliyepanda mlima, na haukupumzika. Mikono ikatetemeka hata kikombe kikamwagika. Jasho likanitoka, mimi niliyekuwa nikitetemeka kwa baridi.

"Presha," mama mkwe alisema. "Hii ni presha ya majonzi. Simziki na huyu." Akamwita kijana wa bajaji atupeleke stendi, tukapanda gari la kwenda Iringa mjini. Njia nzima alinishika mkono.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Alimwomba mama mkwe asubiri nje.

"Siendi," mama alisema. "Huyu ni mwanangu, na amefiwa. Ulizeni mkiwa na mimi."

Daktari akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Ningeweza kukataa. Sikuweza.

Alinipima, akasikiliza moyo, akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Mama mkwe akajibu kwa niaba yangu, "Hana dawa yoyote. Ni msiba tu."

"Naomba utoe kitambaa, dada," daktari alisema.

Nilikifungua. Mama mkwe aliegemea mbele kuangalia kovu, kisha akarudi nyuma kwenye kiti taratibu. Mkono wangu aliokuwa ameushika aliuachia. Hakuutupa. Aliuweka juu ya goti langu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Nilisema yote kwa ile sauti nzito. Daktari aliuliza nilimeza vingapi, nikasema sikuhesabu. Aliuliza niliacha tangu lini, nikasema tangu siku aliyofariki.

"Sikiliza, dada," alisema, wala hakunifokea. "Dawa hii huwezi kuifidia. Ukisahau asubuhi na ukakumbuka siku ileile, meza, tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, cha jana kimepita, kiache. Meza kimoja cha leo, basi. Usiunganishe viwili, sembuse vyote hivyo. Moyo wako ulikuwa umezoea kwenda polepole, wewe ukaupiga fimbo."

"Na akikosa siku nyingi?" aliyeuliza ni mama mkwe. Alikuwa anatazama ukutani.

"Siku nyingi hivyo, bibi, arudi hospitali na aseme ukweli, tumpime, tumwambie aanzeje. Asijitibu kwa kukisia. Na asiache kabisa. Hana tezi huyu. Bila kidonge mwili unapoa, akili inapoa, mtu anaweza kulala asiamke. Hiyo sauti, kuvimba uso, baridi, kuchoka, ngozi kukauka, vyote hivyo ni dawa aliyoikosa."

"Vyote," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, bibi."

Walinilaza mpaka mapigo yalipotulia. Mama mkwe hakuondoka. Aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, khanga kichwani, na hakuniambia neno zaidi ya kuuliza kama ninataka kwenda haja. Siku waliyoniruhusu daktari alinipa maelekezo ya kuanza upya na tarehe ya kurudi kupimwa damu. Mama mkwe aliyasikiliza kuliko mimi.

Kwenye gari la kurudi Ilula tulikaa siti moja. Tulikuwa tumeshatoka mjini alipoongea.

"Mwanangu alijua?"

"Alijua, mama. Yeye ndiye aliyekuwa ananipa dawa. Kila siku."

Baada ya muda akauliza tena, bado anatazama mbele:

"Ulikuwa unamlilia? Au ilikuwa dawa?"

Nilitamani sana kusema nilikuwa namlilia. Ningesema hivyo, nadhani angekubali, kwa sababu na yeye alitamani. Lakini nilijichunguza na sikuona mahali ambapo kimoja kinaishia na kingine kinaanzia. Siku za mwanzo nililia kwa machozi. Baadaye machozi hayakuja, ikabaki ile sauti tu, na wakati mwingine nikiwa nimelala nilikuwa sifikirii kitu chochote, hata yeye.

"Sijui, mama," nilisema. "Sijui ni kiasi gani kilikuwa chake."

Gari likasimama, wauza nyanya wakaja na ndoo zao madirishani wakiita abiria. Mmoja alimtambua, akamsalimia, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Mama mkwe alisema anaendelea.

Nyumbani wanawake wa jirani walikuwa uwanjani wakichambua nyanya. Wifi alitupokea begi.

"Mama, daktari amesemaje?"

Nilisimama nikisubiri. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akisema, sitakana.

"Presha," mama mkwe alisema. Akaingia ndani.

Jioni ile hakuja kunipaka mafuta. Habari za utoto wa mume wangu hazikuendelea, na sijui iliishaje ile ya tenga, alifunguliwa na nani. Blanketi lake hakulichukua, lakini hakuliweka sawa miguuni kwangu kama alivyozoea. Nilijifunika mwenyewe.

Asubuhi niliamka giza halijatoka vizuri. Kopo nilikuwa nimeliweka karibu na kichwa, na kikombe cha maji. Nilitoa kidonge kimoja, nikakiweka kwenye kifuniko cha kopo kwanza, sijui kwa nini, kisha nikakichukua na kumeza. Tangu niolewe, ukiacha siku ile ya stoo, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukimeza bila kuulizwa.

Wifi akaingia na bakuli la uji.

"Kunywa, wifi, ungali wa moto."

"Funika," sauti ya mama mkwe ilitoka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiwa ametugeuzia mgongo, anapanga nyanya kwenye tenga. "Weka chini ufunike. Hanywi sasa hivi."

"Hanywi kwa nini, mama? Mgonjwa huyu."

"Nimesema funika."

Wifi akafunika bakuli kwa sahani, akanitazama, akatoka. Nilikaa mkekani. Mama mkwe aliendelea kupanga, zilizoiva juu, mbichi chini. Hakugeuka. Mara mbili tatu aliinua kichwa akaangalia jua lilipofika kwenye ukuta wa jiko, akarudi kwenye nyanya zake. Tenga likajaa, akalifunga kwa kamba, akavuta jingine.

Jua lilipofika mlangoni akajifuta mikono.

"Haya, wa Mbeya," alisema. "Kunywa."

Nikafunua bakuli. Uji ulikuwa umepoa na kuganda juu. Nikanywa wote.